Siku nne nyuma ya tambi za memili: Chuncheon hadi Bongpyeong

Nimerudi Tanga tangu mwisho wa Septemba, na kila anayekuja kunijulia hali ananiuliza Wakorea wanakula nini. Nikimjibu "tambi", anaona namkatisha maneno. Basi nimekaa na daftari langu, picha za kwenye simu na bahasha ya risiti, nikaiandika safari ya mwisho niliyoifanya kabla ya kufunga mizigo. Ilikuwa Septemba 2024. Masomo ya uzamili Seoul nimeyamaliza, chumba cha bweni nimekikabidhi, nimebakiwa na wiki tatu na vijisenti vya kubana.

Nilikuwa na haja moja. Mama yangu ana mgahawa mdogo Ngamiani. Nimekulia nyuma ya kaunta yake, na miaka miwili yote Korea nilikula mezani kama mteja bila kuliona jiko la mtu. Nilitaka nilione jiko la familia kwa ndani. Rafiki yangu Mkorea, aliyesoma Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, akanambia ipo nyumba moja nje kidogo ya Chuncheon inayouza makguksu, tambi baridi za memili, nafaka ambayo Waingereza huiita buckwheat, na kwamba mama yake hula hapo tangu msichana. Aliwapigia simu, wakakubali tuje kabla hawajafungua. Jina la nyumba silitaji kwa kuwa wao wenyewe waliniomba. Jikoni wako wanne tu, na foleni ya Jumamosi inawatosha.

Kwa hesabu zote humu, won 1,000 ilikuwa sawa na karibu shilingi 2,000 za Tanzania. Zidisha mara mbili, hutakosea sana.

Alhamisi, 5 Septemba: Seoul – Chuncheon

Kwenda Chuncheon kuna treni ya haraka, ITX, yenye viti vya kuhifadhiwa, na kuna treni ya kawaida ya reli ya Gyeongchun, ambayo ni kama treni za mjini tu. Ya kawaida nililipa karibu won 3,000 kwa T-money, kadi ya nauli, chini ya nusu ya ile ya haraka. Nilipanda Sangbong saa tatu asubuhi na kufika baada ya saa moja na dakika ishirini hivi. Behewa lilijaa wazee wenye fimbo za kupandia milima na maboksi ya matunda. Bibi mmoja aliniona nimesimama, akasogeza begi lake akapigapiga kiti kwa kiganja. Hatukuzungumza, ila kila baada ya vituo viwili alinipa zabibu moja moja hadi Gapyeong aliposhuka.

Chuncheon ni mji mkuu wa mkoa wa Gangwon, umezungukwa na milima na maji ya mabwawa. Mtu wa Afrika Mashariki asipite bila kwenda pembezoni mwa kijito cha Gongjicheon, kwenye ukumbi wa kumbukumbu ya askari wa Ethiopia. Mfalme Haile Selassie alituma kikosi cha Kagnew katika vita vya Korea. Walifika 1951 wakapigana katika milima ya mkoa huu huu. Zaidi ya askari 6,000 walipita kwa zamu, na zaidi ya 120 walikufa. Mnara ulisimamishwa 1968 na mfalme mwenyewe akaja. Mwaka huohuo ukafunguliwa mkahawa wa kahawa ya Ethiopia ng'ambo ya barabara, na mpaka leo unauza kahawa. Nilikaa pale nusu saa nikiyatazama majina. Mlinzi aliniuliza kama mimi ni Mwethiopia. Nilipomwambia ni jirani yao, Tanzania, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akainama. Nilishindwa kusema kitu.

Kutoka hapo nikaenda mjini na njaa yangu, nikakuta mlango umefungwa. Kijikaratasi kilisema mapumziko ni kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni. Duka la pili hivyohivyo. La tatu lilikuwa wazi, lakini unga wa siku hiyo ulikuwa umekwisha. Msafiri ajaye, lishike hili: nyumba nyingi za makguksu huuza mchana, hupumzika alasiri, na unga ukiisha hakuna wa kukubembeleza. Nenda saa tano asubuhi zinapofungua. Mimi nilikula wali wa pembetatu uliofungwa kwa mwani, wa dukani, nikiwa nimekaa kwenye benchi. Nyumba ya wageni ilikuwa won 35,000, safi, na mwenyewe aliniazima feni ya pili maana joto lilikuwa karibu nyuzi 30 mpaka usiku.

Ijumaa, 6 Septemba: nyumba ya Sinbuk

Rafiki yangu alifika na treni ya kwanza. Basi la kwenda Sinbuk, upande wa bwawa la Soyang, hupita kwa nadra, na tulilisubiri upande usio wake wa barabara mpaka likatupita ng'ambo. Dereva alituona tunakimbia akasimama mbele, katikati ya vituo, akafungua mlango.

Njiani ipo makumbusho ya makguksu, ya mji wenyewe. Jengo limepewa umbo la mashine ya kukamulia tambi na chungu chake. Pale mgeni hukanda, hukamua na kula alichokikamua. Kama una watoto, waanzie hapo. Sisi tulichungulia tu maana tulikuwa na miadi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya chini, paa la bati la bluu, mitungi ya udongo kumi na tatu imepangwa uani, na mbele yake figili nyeupe zimelazwa kwenye mkeka kama watoto waliolala. Saa nne na robo. Bibi alikuwa amechuchumaa anazikata vichwa. Rafiki yangu, ambaye Kiswahili chake ni kile cha darasani, kila irabu mahali pake, akanigeukia akasema, "Msalimu kwa Kiswahili, atafurahi." Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo bibi. Akauliza ndiyo nini. Akaelezwa kuwa mdogo humwambia mkubwa hivyo, na mkubwa hujibu marahaba. Bibi akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akasema, "Ma-ra-ha-ba," silabi moja moja. Siku nzima akawa ananidai shikamoo kila nikipita jikoni.

Kabla ya yote nilisema yangu. Mimi ni Mwislamu. Nyama ya nguruwe sili, na supu ya mifupa ya ng'ombe asiyechinjwa kwetu nayo naiepuka. Usione haya kulitaja hili mapema. Nyumba nyingi huchanganya supu ya nyama katika maji ya tambi, na wengine hutia nyama ya kusaga kwenye kitoweo chekundu. Maneno yanayosaidia ni "gogi ppae juseyo", yaani niondolee nyama. Bibi hakuniuliza swali. Aliniongoza hadi kwenye jokofu la kimchi, mboga zao za kuchachushwa, akafungua pipa moja, akachota kwa kata, akanipa nionje. Ilikuwa dongchimi tupu: maji ya figili zilizolala kwenye chumvi na vitunguu saumu, tangawizi na peasi mpaka yakachachuka. Baridi, ukali wake wa taratibu, yanapanda puani kama soda. Zamani, alisema, mitungi hii ilizikwa ardhini majira ya baridi, na usiku wa theluji watu walitoboa barafu ili wachote. "Bakuli lako nitalitia haya peke yake," akasema. Basi likaisha.

Sasa niwaeleze memili, kwa sababu hapa ndipo kuna kazi. Tunaweza kudhani ni ngano, sivyo. Ni mbegu ya pembe tatu, ganda jeusi, mmea wake una undugu na mimea kama rubabu (rhubarb). Huota upesi, miezi miwili na kitu hadi mitatu unavuna, na haudai udongo mzuri. Ndiyo maana watu wa milima ya Gangwon, waliokuwa wakichoma msitu na kulima miteremko ambako mpunga haukubali, waliishi kwa memili. Familia ya mume wa bibi ilikuwa ya wakulima hao, kabla serikali haijawahamisha watu milimani katika miaka ya 1960 na 1970. Bibi alisema alipoolewa aliona aibu mgeni akikuta tambi hizi mezani, maana zilisema wazi kwamba mchele hamna. Nikamweleza habari za bada letu la makopa, ugali wa muhogo mkavu, jinsi watu walivyolificha mgeni akipiga hodi, na leo wanalifuata kwa gari. Rafiki yangu alipomaliza kutafsiri bibi alicheka, akanipiga begani.

Memili haina ule mnato wa ngano. Ukikanda na kusukuma kama chapati, donge linakatika. Kwa hiyo tambi hazivutwi wala hazikatwi kwa kisu, hukamuliwa. Mtoto wa kiume wa bibi, mtu wa miaka hamsini na kitu, alimimina maji ya moto sana kwenye unga, akageuza kwa mwiko, halafu akaingiza mikono. Alikanda kwa uzito wa mabega kwa dakika kama kumi, donge likabadilika kutoka mchanga hadi kitu kinachong'aa kama udongo wa mfinyanzi. Akalikata vipande vya saizi ya ngumi, akavifunika kitambaa chenye maji. Hakukamua hata kimoja.

Saa tano ikagonga. Mjukuu, aliyekuwa na kazi ya ofisini Seoul akaiacha akarudi nyumbani, alisimama mlangoni. Nyumba hii bado ni ya kukaa sakafuni, viatu unavua kizingitini. Familia ya kwanza ikaingia. Mjukuu hakuangalia nyuso, aliangalia chini, akaita kuelekea jikoni, "Wanne!" Alikuwa anahesabu viatu. Hapo tu ndipo baba yake alipochukua kipande cha donge, akakitia kwenye silinda ya chuma iliyo juu ya chungu kinachochemka, akabonyeza. Mashine ikashuka polepole, na tambi zikamwagika moja kwa moja kwenye maji, nyuzi mia kwa mara moja, kimya kabisa.

Nimeiona mashine ya mkono ya tambi za dengu tangu nikiwa mdogo, kwa hiyo moyo uliniruka. Hii ni ileile, ila kubwa, na badala ya mafuta ni maji. Kabla ya mashine kulikuwa na ya mbao yenye mti mrefu wa kukandamizia. Bibi alipokuwa mkaza mwana wa nyumba hii ndiye aliyekuwa akiulalia mti huo kwa uzito wake wote, mama mkwe akichota. Alinionyesha pale ulipokuwa umefungwa. Nguzo ina shimo bado.

Zikiiva huelea. Haikufika dakika moja. Mke wa yule mtoto akazichota kwa chujio, akazitumbukiza kwenye maji baridi, akazisugua kama anafua leso, akamwaga maji, akarudia mara tatu. Maji ya kwanza meupe, ya pili kijivu hafifu, ya tatu safi. Akazikamua kwa kiganja, akazizungusha vidole, kifundo kikakaa katikati ya bakuli. Juu yake kijiko cha kitoweo chekundu cha pilipili, tango lililokatwa nyuzi nyuzi, figili ya siki, mwani mkavu uliosagwa, ufuta uliotwangwa, na nusu yai. Kutoka viatu mlangoni hadi bakuli mezani, simu yangu ilisema dakika sita.

Niliuliza kwa nini wasizikamue mapema kidogo, foleni ikiwa ndefu. Mtoto hakujibu. Alichukua tambi zilizobaki kwenye chujio, akaziacha pembeni kwenye sahani. Baada ya dakika kumi na tano akaniita. Zilikuwa zimeshikamana donge moja. Nilipoinua kwa vijiti zikakatika vipande vya urefu wa kidole. Neno "mak" kwenye jina la chakula wako wanaolieleza kuwa ni "hivi hivi, bila mapambo", na wako wanaosema ni "sasa hivi". Katika jiko lile niliona ni sasa hivi. Maisha ya watu wanne wale yamepangwa kwa kufuata uhai wa tambi, ambao ni dakika kumi. Harusi za jamaa wanakwenda kwa zamu. Babu alipofariki walifunga siku tatu, na hizo ndizo siku pekee mfululizo ambazo mjukuu anakumbuka jiko limezimika nje ya mwaka mpya na Chuseok, sikukuu yao ya mavuno.

Tulipokaa kula, bibi alisimama juu yangu anisimamie. Kwanza changanya bila maji, kula nusu hivyohivyo. Kisha mimina dongchimi kutoka kwenye birika la aluminiamu. Siki, haradali na sukari viko mezani, kila mtu na mkono wake. Nilitegemea rangi nyeusi, kwa sababu tambi za memili za madukani ni nyeusi. Hizi zilikuwa za kijivu cha kupauka, na vidoadoa. Weusi, bibi alisema, ni wa maganda au wa kuunguzwa. Unga wa ndani wa memili ni mweupe. Harufu yake niliichelewa. Kwanza niliona pilipili na siki tu, halafu nilipofika chini ya bakuli ikaja, kama nafaka iliyokaushwa juani, kama ghala la mtama baada ya mavuno. Mwisho huletwa maji yaliyochemshiwa tambi, ya moto, mazito kidogo kama uji mwepesi. Unayanywa taratibu. Tumbo linatulia.

Bakuli lilikuwa won 9,000. Unalipa kwenye kaunta ukitoka, na bakshishi haipo katika nchi hii. Ukiacha hela mezani watakukimbilia nazo. Mhudumu huitwa "imo", ambalo ni dada wa mama, yaani mama mdogo. Nililipenda hilo, kwa sababu sisi nasi tunasema mama ntilie na haikosi mtoto wa kumwita mama hata asiyemzaa. Jambo moja zito: memili huwadhuru vibaya baadhi ya watu, mwili ukaumuka na pumzi ikabana. Kama hujawahi kuila na una mzio wa vyakula, anza na kidogo, usiwe peke yako.

Adhuhuri ilipoingia niliuliza kama kuna kona naweza kuswali. Mjukuu akanifungulia chumba cha nyuma walichoweka magunia ya unga. Kibla kwa huku ni magharibi, kaskazini kidogo. Nilipomaliza nikakuta mlangoni mtu ameniwekea taulo dogo lenye maji baridi na kikombe cha maji. Sikujua ni nani kati yao mpaka leo.

Tuliondoka saa tisa. Wakati wa kuaga, bibi alinishika mkono akasema kitu kirefu. Rafiki yangu akatafsiri: "Anasema ukienda kwenu ukajaribu, kumbuka sufuria kubwa. Maji mengi. Watu wanabania maji."

Jumamosi, 7 Septemba: Chuncheon – Wonju – Bongpyeong

Nilitaka kuona inakotoka. Kwa kweli memili nyingi inayoliwa Korea huagizwa kutoka nje, na kwa ile ya ndani kisiwa cha Jeju ndicho kinachoongoza, lakini mahali ambapo jina la memili limeganda ni Bongpyeong, wilaya ya Pyeongchang. Alizaliwa hapo mwandishi Lee Hyo-seok, na hadithi yake fupi ya 1936 kuhusu wachuuzi wa mnadani wanaovuka mashamba ya memili usiku wa mbalamwezi inasomwa shuleni nchi nzima. Septemba maua yanapochanua, nusu ya Seoul inakuja.

Rafiki yangu alirudi Seoul, mimi nikaendelea peke yangu. Basi hadi Wonju, kungoja saa nzima, basi la pili hadi Jangpyeong. Sina la kusema juu ya saa hizo, nililala. Kutoka Jangpyeong hadi Bongpyeong ni kilomita chache tu lakini magari yalikuwa hayasogei, na basi dogo la kijiji likachelewa dakika arobaini. Wanaotoka Seoul moja kwa moja washuke kituo cha Pyeongchang kwa KTX, treni ya mwendo kasi, kwenye reli iliyojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018, na wachukue teksi.

Mnada wa Bongpyeong hukaa kila tarehe inayoishia na 2 na 7, kwa hiyo niliipanga Jumamosi hiyo makusudi. Wanawake wamekaa nyuma ya mifuniko ya vyungu iliyopinduliwa juu ya moto. Wanaipaka mafuta, wanalaza jani la kabichi na majani mawili ya kitunguu, kisha wanamwaga uji wa memili mwembamba mpaka unaliona jani kwa ndani. Ni chapati ya maji, hakuna namna nyingine ya kuieleza. Nilimuuliza mama mmoja mafuta gani, akanionyesha chupa ya mafuta ya mbegu, nikakaa. Zile zilizokunjwa zenye kimchi ndani niliziacha kwa sababu alisema za siku hiyo zina nyama. Nilipolipa mbili akaongeza ya tatu akasema "deom". Nikamuuliza ndiyo nini, akanyanyua vidole kama anaongeza chumvi. Nyongeza. Hata soko la Mgandini bibi wa nyanya hakuachi uondoke bila nyongeza.

Palepale nilinunua kilo moja ya unga wa memili ya huko kwa won 13,000. Ni ghali, niliufikiria mara mbili, nikalipa.

Mashamba yako nyuma ya kijiji, ng'ambo ya kijito. Nimekulia pwani, na weupe mwingi kiasi hicho nimeuona mahali pamoja tu, povu linapovunjikia kwenye mwamba wakati wa kaskazi. Ua moja moja ni dogo kuliko kifungo cha shati. Mzee aliyekuwa anapalilia ukingoni aling'oa mche mmoja akaniwekea kiganjani, akaanza kuhesabu: jani kijani, ua jeupe, shina jekundu, mbegu nyeusi, na akafuta udongo kwa kidole gumba, mzizi wa manjano. Rangi tano katika mche mmoja, ndivyo wahenga wao walivyousifia. Nimeukausha ndani ya daftari, shina limebaki jekundu mpaka sasa.

Basi la mwisho la kwenda Jangpyeong lilikuwa limejaa, halikusimama. Giza lilianza kuingia. Mume na mke waliokuwa wanapakia meza za mnadani kwenye kirikuu chao waliniuliza ninakwenda wapi. Nyumba niliyokuwa nimeikodi ilikuwa nje ya njia yao. Wakanipakia kati yao mbele, mke akashika begi langu mapajani njia nzima. Nilipotoa won 10,000 mume aliirudisha mfukoni mwangu kwa nguvu. Nikawapa kanga moja niliyokuwa nimeibeba kwa ajili ya mtu mwingine. Mke akauliza maandishi yanasema nini, nikamsomea, na nikamweleza nilivyoweza: wema hauozi.

Jumapili, 8 Septemba: kurudi Seoul

KTX kutoka Pyeongchang, karibu won 20,000, saa moja na nusu kasoro. Kata tikiti siku mbili kabla wakati wa maua. Mimi nilisimama mpaka Seoul.

Tanga, Novemba

Unga nilikuwa nimeutunza kwenye friji ya mama, nikingoja siku ya mgahawa kufungwa. Tukaitoa mashine ya tambi za dengu, tukabadilisha sahani ya matundu. Nilikanda kwa maji ya uvuguvugu kwa sababu nilihofia kujiunguza, na mkamuo wa kwanza ulikatikakatika wote, sufuria likawa uji. Mama hakusema neno. Alinisogeza kando, akachemsha maji upya mpaka yakaruka, akamimina, akakanda kwa mikono yake isiyosikia moto baada ya miaka thelathini ya jiko. Mimi nikabana mashine juu ya sufuria, yeye akazungusha mpini. Zikateremka. Zikaelea. Nikazisugua katika maji ya barafu mara tatu.

Figili sikuipata, nikatumia achari ya embe na maji ya ndimu yenye chumvi na tangawizi. Mwani ulikuwepo. Mama alikula kimya mpaka katikati ya bakuli, akasimama kutafuna, akauliza, "Hii harufu ya ghala ndiyo yenyewe?" Nikamwambia ndiyo yenyewe.

Nilimtumia mjukuu picha: mashine, sufuria, mama na bakuli lake. Jibu lilikuja usiku wa manane kwetu, wao wakiwa wanaanza kukata figili. Bibi anaomba shikamoo yake, na anasema sufuria la kwenye picha ni dogo, tuongeze maji.